Karani Anayelazwa Makusudi

Mtoto akijikata mguuni na jeraha likaingia uchafu, siku mbili tatu baadaye mtoki humvimba kinenani. Bibi atambonyeza kidogo, atamwambia ni mwili unapigana, na mtoto atarudi mchezoni. Bibi yuko sahihi, ila ndani ya mtoki huo kuna jambo ambalo hata yeye angelisikia angeomba arudiwe: seli za kinga zilizokusanyika humo zinazikata DNA zao zenyewe. Zinabadilisha herufi za maandishi zilizozaliwa nayo, tena kwa kasi ambayo popote pengine mwilini ingehesabiwa kuwa mwanzo wa saratani. Na protini ambayo kazi yake ni kuiangamiza seli inayofanya vitendo hivyo imenyamazishwa. Aliyeinyamazisha ni mwili wenyewe.

Protini hiyo ni p53. Anayefuatilia habari za saratani hata kwa mbali ameshakutana nayo, kwa kawaida ikiwa imevishwa sifa moja: mlinzi. Nina ugomvi na sifa hiyo. Imetuzoesha kuiona p53 kama askari wa getini anayekesha na rungu, akiwepo tuko salama, akiondoka tumekwisha. Ukiitazama ikifanya kazi ndani ya seli za kinga, picha hiyo inavunjika. Na watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wana sababu yao ya kuijali hoja hii, kwani saratani inayoionyesha waziwazi ilitambuliwa Kampala, kwenye taya za watoto.

p53 iligunduliwa mwaka 1979 na vikundi kadhaa vya watafiti kwa wakati mmoja, kikiwemo cha David Lane huko Uingereza na cha Arnold Levine huko Marekani. Waliikuta imeng'ang'aniana na protini ya virusi vinavyosababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara, wakaidhania ni mshirika katika uhalifu. Kwa miaka 10 hivi ikahesabiwa miongoni mwa wachochezi wa saratani. Chanzo cha kosa kinachekesha kidogo. Nakala za jeni zilizokuwa zikipitishwa kutoka maabara moja hadi nyingine zilikuwa zimeharibika, maana zilitolewa kwenye seli za uvimbe. Walikuwa wakimchunguza mlevi mmoja na kuandika tabia za ukoo mzima. Mwaka 1989 kikundi cha Bert Vogelstein cha Baltimore, kikichunguza saratani ya utumbo mpana, kikaonyesha kwamba seli za saratani huipoteza jeni hii au huiharibu. Ikiwa nzima, kumbe inazuia. Miaka mitatu baadaye Lane akaipa jina la mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli, na jina likaganda.

Leo inajulikana kuwa TP53, jeni inayotengeneza protini hiyo, imeharibika katika takribani nusu ya saratani za binadamu. Kwa hiyo sibishi umuhimu wake. Ninachobishia ni namna tunavyoieleza.

p53 haikamati kitu wala haipigi kitu. Kazi yake ni kusoma. Molekuli zake nne hushikana, zikatua juu ya DNA mahali penye mpangilio fulani wa herufi, jirani na mwanzo wa jeni fulani, na kwa kutua pale huita mitambo inayoinakili jeni hiyo kuwa RNA. Vitabu vya shule huita kazi hiyo unukuzi, na neno ni zuri kuliko wengi wanavyodhani: DNA ni daftari kuu lisilotoka ofisini, RNA ni nukuu inayotolewa kwenye karatasi ili fundi wa nje aifanyie kazi. p53 huamua ukurasa upi unukuliwe. Huyo ni karani. Ni yule ambaye bila mhuri wake faili halitoki, na yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anajua karani ana nguvu kiasi gani, hata kama hana bunduki.

Baadhi ya kurasa zake zafaa kutajwa. Ukurasa wa p21 ukinukuliwa, seli huacha kugawanyika kwa muda ili ikarabati DNA iliyokatika. Kurasa za PUMA na BAX zikinukuliwa, seli hujiua kimyakimya bila kuacha kidonda. Halafu kuna ukurasa wa MDM2, na hapo ndipo penye utamu. MDM2 ni protini inayoikamata p53 yenyewe na kuipeleka ikasagwe. Yaani karani huidhinisha barua ya kufukuzwa kwake, kila siku. Katika seli isiyo na tatizo p53 hudumu dakika 20 hivi, basi imesagwa. DNA ikikatika, MDM2 hushindwa kuishika, p53 hujaa, na amri zinaanza kutoka.

Kwamba kusoma DNA ndicho kiini cha kazi yake, saratani zenyewe zinashuhudia. Mabadiliko mengi ya TP53 yanayokutwa kwenye uvimbe huangukia sehemu ya katikati ya protini, ile inayoigusa DNA. Mwaka 1994 umbo la sehemu hiyo lilipoonekana kwa eksirei likiwa limeshikana na DNA, ikabainika kuwa viungo vinavyoharibika mara nyingi zaidi ni vile vinavyoshika DNA au vinavyoutegemeza mkono unaoishika. Na mara nyingi seli ya saratani huwa imejaa p53 tele. Haimfukuzi karani kazini. Inamvunjia miwani.

Sasa, kama mlinzi ni mwema, je, mlinzi mkali zaidi ni mwema zaidi? Panya wamejibu. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kuwa kiinitete cha panya kisicho na MDM2 hufa tumboni mapema sana, kwa sababu p53 inakosa wa kuipunguza. Wakiondoa na p53 pia, panya anazaliwa. Mwaka 2002 wengine walitengeneza panya ambao p53 yao ilikuwa imechangamka kupita kawaida. Uvimbe uliwapata kwa nadra kweli, lakini walizeeka kabla ya wakati, mifupa ikiwa laini, ngozi nyembamba, misuli imenywea. Kwa hiyo kuuliza tu kama p53 ipo hakutoshi. Inabidi uulize iko kiasi gani, katika seli ipi, saa ngapi.

Maswali hayo hayana pa kubana kuliko kwenye seli za kinga.

Nirudi tena mwaka 1992. Mwaka ule ule Lane alipoandika kuhusu mlinzi, huko Marekani walipatikana panya waliozaliwa bila p53 kabisa. Wengi walitarajia viinitete vingeharibika. Walizaliwa wazima, wakakimbia, wakala. Kisha kabla hawajatimiza miezi 6 wengi wao walikuwa na uvimbe, na uvimbe uliotia fora ulikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga, hasa ile inayoanzia kwenye thaimasi, tezi ya kifuani ambamo seli T, aina mojawapo ya seli hizo, hulelewa. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha nje ya maabara ni hili: p53 imekosekana mwili mzima, kwa nini seli za kinga ndizo zilizotangulia kuasi?

Kwa sababu ndizo zenye kibali cha kushika mkasi. Ukiziacha seli za uzazi, seli zako nyingi hupokea DNA na kuilinda kama ilivyo. Seli T na wenzao wa kinga, seli B, haziwezi kukaa hivyo. Kila moja inatakiwa iwe na kipokezi chake cha pekee cha kutambua adui, na jeni za aina zote hizo zisingeenea ndani ya kiini cha seli. Mwili ukatafuta njia ya fundi cherehani: vipande vichache vya kitambaa, mkasi, na uzi. Vimeng'enya viitwavyo RAG hukata DNA kwenye sehemu maalumu, vipande vinaunganishwa upya, na kila seli inatoka na mshono wake. Mahali penye mikasi mingi hivyo, karani anayeidhinisha ukarabati au kifo akikosekana, mshono mmoja uliokosewa unatosha.

Lakini akiwepo muda wote naye ni balaa. Seli T ikishamtambua adui lazima igawanyike haraka, ziwe maelfu, na p53 huzuia kugawanyika. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwa panya kwamba ishara ya kumtambua adui hupunguza p53 ndani ya seli T. P53 isiposhuka, seli haziongezeki inavyotakiwa. Seli T nyingine, zinazopata vichocheo vya ukuaji lakini hazijamwona adui wake, hubaki na p53 na kutulia. Angalia ustadi wa jambo hilo. p53 hapo haihusiani na saratani hata kidogo. Inaamua nani apande jukwaani na nani asubiri.

Seli B zinakwenda mbali zaidi, na huko ndiko ndani ya mtoki wa yule mtoto.

Seli B iliyokutana na adui huingia kwenye kundi dogo lililosongamana katikati ya tezi, nitaliita karakana kwa sababu ndivyo lilivyo. Humo seli hugawanyika kwa kasi ya ajabu huku zikizinoa kingamwili zao, protini za kumnasia adui. Kunoa kwenyewe ni kuharibu. Kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa katika maabara ya Tasuku Honjo, Kyoto, mwaka 1999, hupita juu ya jeni za kingamwili kikibadilisha herufi moja moja, na wakati mwingine kusababisha nyuzi zote mbili za DNA zikatike ili kingamwili ibadilishwe aina. Kasi ya makosa kwenye jeni hizo hufika karibu mara milioni moja ya ile ya kawaida. Seli nyingi hutoka na kingamwili mbovu na kufa. Chache hutoka na inayomshika adui barabara kuliko mwanzo, nazo huzalishwa upya. Hivyo ndivyo chanjo zinavyokulinda miaka mingi baadaye.

Karani wetu angeliona tukio hilo angefanya nini? DNA imekatika, seli inagawanyika ovyo, herufi zinabadilika: vigezo vyote vya kutoa ukurasa wa kifo vimetimia. Karakana ingefungwa siku ya kwanza. Basi mwili una protini nyingine, BCL6, ambayo nayo ni msomaji wa DNA, ila yenyewe hutua ili kuzuia unukuzi. Mwaka 2004 Ryan Phan na Riccardo Dalla-Favera wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba katika seli B za karakana, BCL6 hutua kwenye mwanzo wa jeni ya TP53 yenyewe na kuinyamazisha. Karani mmoja amekalia faili la karani mwenzake. Baadaye ikaonekana kuwa BCL6 huukalia na ukurasa wa p21. Kazi ikiisha, BCL6 hushuka, p53 huamka, na seli iliyoharibika kupita kiasi huchujwa.

BCL6 inafahamika katika vitabu vya saratani kama jeni mbaya, kwa sababu katika limfoma fulani hukwama ikiwa imewashwa. Hapa ndipo ugomvi wangu na majina unapopata nguvu. "Chochezi" na "zuizi" ni majina yaliyotolewa na watu waliokutana na protini hizi kituo cha polisi. Hawakuwahi kuzitembelea nyumbani zikiwa kazini. Nyumbani, BCL6 ni msimamizi mwaminifu wa karakana, na p53 ni karani ambaye kuna saa inabidi alale ili kingamwili zipatikane. Hata namna za kuzuia ni nyingi kuliko jina linavyodokeza. Ipo protini zuizi iitwayo ID3 ambayo haina hata mkono wa kushika DNA. Yenyewe huikumbatia protini nyingine, TCF3, isiweze kuifikia DNA na kuwasha jeni za ukuaji wa seli B. Inazuia uvimbe kwa kukumbatia tu.

Sasa tufike Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mvulana wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akamwona msichana ameketi na mama yake, uso wake ni ule ule. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu na kusafiri maili 10,000 hivi kwa wiki 10, hospitali zaidi ya 50, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiwa na picha za watoto na swali moja: mmewahi kuona hii? Ramani iliyopatikana ilifuata joto na mvua, ikaikwepa miinuko yenye baridi. Ilifanana mno na ramani ya malaria.

Mwaka huo huo Burkitt alihadhiri London, na mtafiti mmoja msikilizaji, Anthony Epstein, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Kifurushi kimoja cha Desemba 1963 kilichelewa kwa ukungu, ndege ikatua Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kiasi cha kudhaniwa yameoza. Kumbe zilikuwa seli hai zinazoelea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vilivyokuja kuitwa Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. (Achong, mtoto wa Trinidad, jina lake halikuingia kwenye virusi. Alama E na B zilizopewa seli zile ndizo zilizobaki.)

Mwaka 1982 fundo la tatu likafunguliwa. Katika seli za Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC kimekatika na kushonwa mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili. Fikiria kinachotokea. Jeni za kingamwili ndizo zinazonukuliwa mchana na usiku ndani ya seli B. MYC ikihamia nyumba ya jirani, nayo inanukuliwa mchana na usiku. MYC husukuma seli igawanyike. Na mkasi uliokata ni ule ule wa AID. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa bila AID uhamisho huo wa MYC hautokei inavyotokea, na kwamba p53 ndiyo inayoziondoa seli nyingi zilizoshonwa vibaya. Burkitt ni seli ya karakana iliyokosea mshono wakati karani amelala.

Hata hivyo MYC ikizidi huwa inamwamsha karani kwa kelele. Kwa hiyo uvimbe lazima upate njia ya kumnyamazisha moja kwa moja. Katika sehemu kubwa ya uvimbe wa Burkitt, ingawa si yote, TP53 yenyewe imeharibika. Mwaka 2012 ilionyeshwa kuwa ID3 au TCF3 imebadilika katika asilimia 70 hivi ya Burkitt ya Ulaya na Marekani. Kwenye ile ya Afrika idadi ni ndogo zaidi. Tofauti hiyo inasema kitu. Uchambuzi wa jenomu za uvimbe wa watoto wa Uganda na Kenya umekuta kuwa penye virusi vya Epstein-Barr mabadiliko ya jeni huwa machache. Virusi vimebeba sehemu ya mzigo. Mojawapo ya mbinu zao inajulikana: hufunga unukuzi wa BIM, jeni ya kifo, na BIM hubaki imefungwa hata protini za virusi zilizoifunga zikishaacha kutengenezwa. Virusi navyo vimejifunza ukarani.

Lakini karibu kila mtoto ana virusi hivyo. Kisumu na Nandi, magharibi mwa Kenya, hazitengani mbali, na katika sehemu zote mbili watoto wengi huambukizwa wakiwa wachanga. Burkitt iko zaidi Kisumu, chini ziwani, kuliko Nandi juu kwenye baridi. Kinachotofautisha ni malaria.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitoa maelezo ambayo kwangu ndiyo yanayofunga mduara. Waliwaambukiza panya vimelea vya malaria ya panya. Maambukizi yalipozidi kukaa, karakana za seli B zilivimba na kubaki wazi kwa muda mrefu, AID ikiendelea na kazi. Panya wa kawaida hawakupata saratani. Panya ambao seli B zao zilinyimwa p53 walipata limfoma za seli B zilizokomaa, zenye kromosomu zilizohama, na AID ikiondolewa hazikutokea hivyo. Malaria, kwa tafsiri hii, haisababishi saratani kwa sumu yoyote. Inaongeza saa za kazi. Karakana iliyoumbwa ifunguliwe wiki chache, ifungwe, ipumzike, inafunguliwa mwaka mzima, kila mwaka, tangu mtoto akiwa mgongoni. Na kila saa ya nyongeza ni saa ambayo mkasi uko wazi na karani amelazwa.

Najua pingamizi. Panya si mtoto wa Homa Bay, na kimelea cha panya si falsiparamu, kimelea cha malaria kali ya binadamu. Tena watoto wengi mno huugua malaria mara kwa mara na ni wachache katika kila laki moja wanaopata Burkitt kwa mwaka. Ni kweli. Ushahidi wa watu ndio unaoniegemeza upande huu. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania chini ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, watoto waliorithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, wale ambao malaria kali huwaepuka, walionekana kuwa na hatari ndogo ya Burkitt. Jeni hiyo haijui chochote kuhusu MYC. Inajua malaria tu.

Kwa hiyo nasomaje habari za dawa za "kumwamsha mlinzi"? Kwa tahadhari. Tangu mwaka 2004 zipo molekuli zinazoing'oa MDM2 kutoka kwenye p53, na kimaabara ni kazi nzuri mno. Ila ukimwamsha karani aliyevunjiwa miwani umepata karani aliye macho asiyesoma. Na akiwa mzima, atatoa kurasa za kusimama na kufa hata kwenye seli safi za uboho. Ndiyo maana wagonjwa waliojaribiwa dawa hizi wamepungukiwa na chembe sahani za damu. Anayeelewa kuwa p53 hupandishwa na kushushwa kwa ratiba hashangai. Aliyeshikilia picha ya askari wa getini atauliza kwa nini askari anawapiga wenye nyumba.

Swali letu la hapa ni jingine: nani anashika saa za kazi za karakana? Jaribio la kulijibu limewahi kufanywa. Kati ya mwaka 1977 na 1982, wilayani North Mara, Tanzania, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini chini ya mradi wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la Lyon. Burkitt ilipungua. Tatizo, ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, na klorokwini nayo ilikuwa ikianza kuzidiwa na vimelea. Jibu likabaki nusu, na kwa miongo hakuna aliyerudia kwa ukubwa ule.

Sasa nafasi imejileta yenyewe. Septemba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S, ikianzia Homa Bay, kisha kaunti nyingine za magharibi, yaani katikati kabisa ya mkanda wa Burkitt. Mafanikio yake yanapimwa kwa homa kali, kulazwa na vifo, na ndivyo inavyostahili. Naona ni kosa kuishia hapo. Burkitt hukamata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 9. Watoto wa kwanza waliochanjwa wameshaingia umri huo, ambao pia ni umri wa kung'oka meno ya utoto, na hapo pana mtego ambao kila muuguzi wa zahanati angefaa kuambiwa: dalili ya kwanza ya uvimbe wa taya mara nyingi ni jino lililolegea. Mama ataona ni wakati wake, atamwambia mtoto alitupe juu ya paa. Uvimbe huu hujizidisha maradufu ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo wiki ya kusubiri nauli ni wiki kubwa sana, nao ni miongoni mwa saratani za watoto zinazopona vizuri zikiwahiwa.

Kadi za chanjo za watoto hao zipo makabatini. Rejista za wagonjwa wa saratani nazo zipo, ya Kampala ina umri kuliko uhuru wa Uganda. Mpaka ziwekwe kwenye meza moja, tutaendelea kujua mengi kuhusu karakana za panya wa New York kuliko za watoto wa Homa Bay.